UZI: Tumkumbuke Johann Sebastian Bach, mwalimu wa kwaya wa Kilutheri na baba wa watoto 20

#1 Mwalimu wa Kwaya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kila tarehe 28 Julai baadhi ya makanisa ya Kilutheri humkumbuka Johann Sebastian Bach, aliyefariki siku hiyo mwaka 1750 mjini Leipzig, Ujerumani. Wengi tukisikia jina hilo tunawaza kumbi kubwa za muziki na watu waliovaa suti nyeusi. Leo naomba tumkumbuke kwa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Miaka 27 ya mwisho ya maisha yake Bach alikuwa mwalimu wa shule. Aliishi na familia yake ndani ya jengo la shule, akifundisha watoto wa bweni kuimba, na nyumbani akifundisha wanawe na wanafunzi waliokuja kujifunza kwake. Hoja yangu ni kwamba ualimu na malezi ndivyo vilivyozaa sehemu kubwa ya muziki tunaomsifia. Anayesema alikuwa mtunzi mkubwa aliyepotezewa muda na watoto wa shule hajamwelewa.

Alizaliwa Eisenach tarehe 21 Machi 1685. Juu ya mji huo iko ngome ya Wartburg, alikojificha Martin Luther akitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Shule ya Kilatini aliyosoma Bach mdogo ndiyo ileile aliyosoma Luther karibu miaka 200 kabla yake. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa mji, na ukoo mzima ulikuwa wa wanamuziki: baba wakubwa, baba wadogo, binamu, kila mmoja na ala yake na kanisa lake.

Mama yake alifariki 1694, na baba akafuata Februari 1695. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka 10. Kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda wa kanisa huko Ohrdruf, akamchukua, akamlea na kumfundisha kinanda. Kuna kisa kilichosimuliwa kwenye tanzia yake ya mwaka 1754, ambayo mwanawe Carl Philipp Emanuel alishiriki kuiandika. Kaka alikuwa na daftari la kazi za watunzi wakubwa, akamkatalia mdogo wake kulitumia. Daftari lilikuwa kwenye kabati lenye mlango wa nondo. Usiku watu wakilala, mtoto anapenyeza mkono wake mdogo, analikunja daftari humohumo ndani na kulivuta nje, kisha ananakili kwa mwanga wa mbalamwezi kwa sababu hakuwa hata na mshumaa. Ilimchukua miezi sita. Kaka alipogundua, akamnyang'anya ile nakala.

Wanaosimulia kisa hiki husifu bidii ya mtoto. Mimi kinanigusa kwa sababu nyingine. Baadaye mtoto huyu alipokuwa na nyumba yake, hakumfungia mtu kabati. Wanafunzi wake walinakili kazi zake bila kizuizi, na kazi zake nyingi za kinanda zimetufikia kupitia mikono yao.

Naendelea kwenye posti inayofuata, msinikatize kwanza.

#2 Mwalimu wa Kwaya

Nitapita haraka kwenye ujana. Akiwa na miaka 15 alikwenda Lüneburg kusoma kwa ufadhili wa sauti yake, maana shule ile ilihitaji watoto wa kwaya. Akiwa na miaka 18 akapata kazi ya kupiga kinanda kanisani Arnstadt. Mwaka 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne akamsikilize mzee Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri wa kanisa huko Lübeck, zaidi ya kilomita 400, kwa miguu. Ni kama mtu atoke Dar es Salaam kwa miguu hadi Dodoma ili asikilize kinanda. Akakaa karibu miezi minne, na aliporudi wakubwa wa kanisa wakamweka kitimoto.

Mwaka 1707 alimwoa Maria Barbara, binamu yake wa mbali. Wakahamia Weimar, na watoto wakaanza kuzaliwa. Mwaka 1717 alipong'ang'ania kuacha kazi, bwana wake wa Weimar akamweka ndani karibu mwezi mzima. Alipotoka akaenda Köthen kwa mtawala kijana, Leopold, aliyependa muziki na kumheshimu.

Julai 1720 alirudi Köthen kutoka Karlsbad alikokuwa amefuatana na mtawala huyo. Alipoingia nyumbani akaambiwa mkewe ameshafariki na kuzikwa. Alipoondoka alimwacha mzima. Kati ya watoto saba waliojaliwa, wanne ndio waliokuwa hai, naye akabaki nao peke yake.

Miezi michache kabla ya msiba huo, tarehe 22 Januari 1720, alikuwa amemfungulia mtoto wake wa kwanza wa kiume, Wilhelm Friedemann, daftari la kujifunzia kinanda. Mtoto alikuwa na miaka 9. Daftari hilo lipo mpaka leo. Kwanza baba ameandika majina ya noti. Halafu anaonyesha jinsi ya kupiga mapambo ya sauti. Kisha kinakuja kipande kifupi chepesi ambacho juu ya noti zake ameweka namba za vidole: tatu, nne, tatu, nne, mkono wa kulia ukipanda. Juu kabisa ya kipande hicho kuna herufi tatu, I.N.J., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa jina la Yesu". Yaani zoezi la vidole la mtoto wa miaka 9 alilianza kama sisi tunavyoanza ibada.

Ndani ya daftari hilohilo vimo vipande ambavyo baadaye vikawa zile Invention, vipande vifupi vya kujifunzia, za sauti mbili na za sauti tatu, 15 na 15, ambazo wanafunzi wa piano wa dunia nzima wanapitia hadi leo. Pia imo sehemu ya prelude, yaani vipande vya utangulizi, zilizoingia kwenye kile kitabu chake kikubwa cha 1722 chenye prelude na fuga (vipande ambavyo sauti huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule) katika funguo zote 24. Kwenye jalada la Invention ameandika lengo: mwanafunzi ajifunze kupiga sauti mbili kwa usafi, kisha tatu, na zaidi ya yote apate kupiga kwa namna ya kuimba. Kwenye jalada la kile cha 1722 anasema ni kwa faida ya vijana wenye hamu ya kujifunza. Hiki ni kitabu ambacho mtunzi Beethoven alikijua tangu utoto, na kilianza kama kazi ya mwalimu akiwawaza vijana.

Desemba 1721 alioa tena. Anna Magdalena alikuwa na miaka 20, mwimbaji wa kulipwa pale Köthen, mwenye sauti nzuri ya kwanza.

#3 Mwalimu wa Kwaya

Sasa Leipzig. Tarehe 22 Mei 1723 mikokoteni minne ya vyombo iliingia mjini, na baadaye siku hiyo yeye na familia wakafika kwa magari mawili ya farasi. Baraza la mji lilikuwa limemtaka mtunzi Telemann kwanza, kisha mwingine, Graupner. Wote wawili walipokosekana ndipo kazi ikamwangukia Bach. Kabla ya kuthibitishwa alihojiwa na wanatheolojia, akatia sahihi maungamo ya imani ya Kilutheri.

Ajira yenyewe ilikuwa ukantori wa Shule ya Mtakatifu Thomas. Kantori hakuwa mwalimu wa kwaya tu. Alihesabiwa wa tatu kwa cheo shuleni, alitakiwa kufundisha hata Kilatini (hicho akamlipa mwenzake amfundishie), na wiki moja kati ya nne alikuwa mwalimu wa zamu: kuwaamsha watoto alfajiri, kusali nao, kusimamia chakula. Watoto wa bweni walikuwa zaidi kidogo ya 50, na hao ndio waliogawanywa kuimba katika makanisa manne ya mji kila Jumapili.

Sasa fikiria wiki ya mtu huyu, wewe unayelalamika kwamba kwaya yako haijui wimbo mpya na Pasaka imekaribia. Miaka ile ya kwanza alitoa karibu kila Jumapili kantata mpya, yaani wimbo mrefu wa kwaya, waimbaji wa pekee na vyombo, unaofuata somo la Injili la siku hiyo. Anatunga. Karatasi zinapelekwa kunakiliwa sauti kwa sauti, na wanakilishi ni wanafunzi wake, mkewe na wanawe. Wanafanya mazoezi haraka. Jumapili saa moja asubuhi ibada inaanza, na inachukua saa tatu hadi nne, mahubiri peke yake saa nzima. Jumatatu anaanza tena. Zimetufikia karibu kantata 200, na tanzia inasema aliandika za mizunguko mitano ya mwaka wa kanisa, kwa hiyo nyingi zimepotea.

Na waimbaji wake hawakuwa malaika. Agosti 1730 aliliandikia baraza la mji ripoti ambayo kila mwalimu wa kwaya angeitambua. Amewapanga wanafunzi 54 hivi: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Anataka kila kwaya iwe na waimbaji wa kutosha ili mmoja akiugua kazi isisimame. Anataka wapigaji walipwe. Jibu la maana hakulipata.

Karibuni, niko tayari kujibu.

#4 Alto wa Machame

Shikamoo mwalimu. Umenigusa kweli.

Naomba niongeze kitu cha kwetu. Mwaka 1893 wamisionari wa Misheni ya Leipzig walifika Machame, wakaanza kituo pale Nkwarungo. Walitoka mji uleule alikofundishia Bach, na pamoja na Biblia na dawa walileta korale za Kijerumani, yaani nyimbo za ibada za usharika, na, baadaye, matarumbeta ambayo hadi leo tunayasikia kwenye ibada za Kilimanjaro. Ukifungua Mwimbieni Bwana, kitabu chetu cha nyimbo, nyimbo nyingi za zamani ni korale hizohizo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Siku za wiki anafundisha kusoma na hesabu, mchana anafundisha sauti nne, na Jumapili mchungaji akiwa mtaa mwingine anaongoza ibada yeye. Alikuwa na uma mdogo wa chuma wa kupatia sauti. Anaugonga kwenye goti, anauweka sikioni, anatoa "do", na watoto wote wanamfuata. Ada za shule za wajukuu alilipa yeye kwa kahawa. Nikisoma habari za Bach kuwa mwalimu, mtu wa kanisa na baba wa nyumba iliyojaa kwa wakati mmoja, nasema huyu mtu namjua, nimekulia kwake.

#5 Besi Kuu

Mwalimu, uzi mzuri. Swali: ule wimbo wa Matengenezo ya Kanisa, wa Mungu kuwa ngome yetu, ni wa Bach? Kwaya yetu tulipewa karatasi yenye jina lake juu.

#6 Mwalimu wa Kwaya

Besi Kuu, maneno na sauti yake ni vya Luther mwenyewe, karne mbili kabla. Bach aliuchukua akaujengea kantata nzima, na pia akaupangia sauti nne. Hiyo karatasi yenu bila shaka ni mpango wake. Ndivyo ilivyo kwa korale nyingi zenye jina lake: sauti ya kwanza ni ya zamani, iliyokwisha kuimbwa na washarika, na yeye anaweka ya pili, ya tatu na besi chini yake. Tazama besi yenu kwenye karatasi hiyo. Haisimami tu ikingoja wenzake, inatembea, ina wimbo wake. Hapo ndipo utamtambua.

Alto wa Machame, Mungu ailaze roho ya babu mahali pema. Ahsante kwa kumleta hapa.

#7 Mpenda Historia

Mkuu, nakubali mengi lakini nadhani umempamba. Kwanza, kule Arnstadt Bach alimwita mwanafunzi mmoja mpiga bassoon kwa jina la kejeli, yule kijana akamvizia usiku na fimbo, naye akachomoa upanga. Mwalimu gani huyo? Pili, kule Leipzig baraza lilimlalamikia kwamba hafundishi vya kutosha na hasikii la mtu. Tatu, na hii ndiyo kubwa: barua yake kwa rafiki yake Erdmann ya Oktoba 1730. Anasema wazi kwamba mwanzoni hakuona inamfaa kutoka kuwa mkuu wa muziki wa ikulu na kuwa kantori. Na analalamika kwamba hali ya hewa ikiwa nzuri mazishi yanapungua, na posho inapungua nayo. Kwa hiyo alitamani kuondoka.

#8 Mwalimu wa Kwaya

Mpenda Historia, yote uliyosema ni kweli na sina sababu ya kuyaficha. Ugomvi wa Arnstadt alikuwa na miaka 20, na baadhi ya wanafunzi wale walikuwa wakubwa kuliko yeye. Kuhusu baraza, alikuwa mgumu kweli, alipigania haki zake hadi kwa mtawala wa Saxony. Simwiti malaika.

Lakini barua ya Erdmann isome yote. Hukohuko anapoeleza kwa nini hatimaye alikubali kwenda Leipzig, anataja kwamba wanawe walionekana kuelekea kwenye masomo. Leipzig kulikuwa na chuo kikuu. Alishuka cheo ili watoto wasome. Mzazi aliyewahi kuhama kituo cha kazi kwa ajili ya shule ya watoto anajua gharama yake.

Na barua inaishaje? Baada ya malalamiko yote ya pesa, anaanza kumhesabia rafiki yake watoto wake mmoja mmoja, nani yuko chuo, nani yuko darasa gani. Halafu anasema wote ni wanamuziki wa kuzaliwa, kwamba anaweza kuunda kundi zima la kuimba na kupiga kwa watu wa nyumba yake tu, hasa kwa kuwa mke wake wa sasa anaimba sauti ya kwanza safi, na binti yake mkubwa naye haimbi vibaya. Huyo ndiye mtu aliyechoshwa na baraza la mji. Kilichombakisha amekiandika mwenyewe.

Kuhusu kufundisha, tuwasikilize waliofundishwa. Heinrich Nikolaus Gerber alifika Leipzig mwaka 1724 akawa mwanafunzi wake. Mwana wa Gerber ameandika kwamba Bach alimpigia baba yake kile kitabu cha prelude na fuga chote mara tatu. Siku ambazo mwalimu alisema hajisikii kufundisha, alikaa kwenye kinanda kizuri akapiga tu, na saa zikapita kama dakika. Gerber alizihesabu hizo kuwa miongoni mwa saa za furaha kubwa maishani mwake.

#9 Mama Wawili

Nimesoma kimya hadi hapa. Watoto 20 mnaandika kwa urahisi sana. Mmoja wenu ajibu: nani alikuwa anawabeba? Na wangapi waliishi? Kumwita mtu baba wa mfano kwa kuhesabu wanaozaliwa tu, mimi sikubali.

#10 Mwalimu wa Kwaya

Dada, umeuliza swali ambalo lilipaswa kuwa kwenye posti ya kwanza.

Watoto saba wa Maria Barbara, 13 wa Anna Magdalena. Waliofika utu uzima ni 10, wanne kwa sita. Anna Magdalena peke yake alizika saba. Alikuwa msanii wa kulipwa alipoolewa. Leipzig wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya ya kanisa, basi sauti ile ikabaki ya nyumbani na ya safari chache. Akawa mnakilishi. Zile suite sita za selo, yaani mafungu ya vipande vya mtindo wa dansi, ambazo kila mpiga selo anazipenda, nakala ya mkono wa Bach haipo, na tunazo hasa kwa mkono wa Anna Magdalena. Mwandiko wao ulifanana mno hadi watu wakawa wanachanganya.

Mumewe alimpa madaftari mawili ya muziki, la 1722 na la 1725. Hilo la pili ndilo lenye vipande vifupi ambavyo watoto wetu wanaojifunza piano wanapiga. Humo kuna mwandiko wake, wa mumewe, na wa watoto walioanza kujaribu. Ukiliangalia unaona familia imekaa kwenye kinanda kimoja wakipokezana.

Kuna mtoto wao Gottfried Heinrich aliyekuwa na ulemavu wa akili. Ndugu yake Carl Philipp Emanuel aliandika kwamba alikuwa na kipaji kikubwa ambacho hakikukua. Baba alipofariki alichukuliwa na dada yake Elisabeth na mumewe, Altnickol, aliyekuwa mwanafunzi wa baba yao.

Na kuna huyu, Johann Gottfried Bernhard, mtoto wa Maria Barbara. Baba alimtafutia kazi ya kinanda Mühlhausen, akaacha madeni. Akamtafutia nyingine Sangerhausen, akaacha madeni tena akatoroka, baba hajui aliko. Mei 1738 Bach alimwandikia mtu wa Sangerhausen barua ambayo mzazi yeyote mwenye mtoto aliyepotea njia ataisoma kwa uchungu. Anasema maonyo hayasaidii tena, upendo na msaada havitoshi, kwa hiyo inabidi aubebe msalaba wake kwa subira na kumwachia Mungu mtoto wake mkaidi. Mwaka uliofuata kijana alikutwa Jena amejiandikisha kusoma sheria, na Mei 1739 akafa kwa homa, miaka 24.

Simwiti baba mwema kwa idadi. Ni kwa barua kama hiyo.

#11 Mama Wawili

Ahsante mwalimu kwa kujibu vizuri. Hiyo ya Bernhard imeniliza. Na mjane wake aliishia wapi?

#12 Mwalimu wa Kwaya

Vibaya, dada. Bach alifanyiwa upasuaji wa macho mara mbili mwanzoni mwa 1750 na tabibu wa Kiingereza, John Taylor. Akapofuka, mwili ukachoka, akafariki tarehe 28 Julai akiwa na miaka 65. Hakuacha wosia. Mali ikagawanywa, mjane theluthi moja, na kile alichobaki nacho hakikudumu. Anna Magdalena alifariki 1760 akiwa anaishi kwa sadaka. Binti mdogo, Regina Susanna, aliishi hadi 1809. Mwaka 1800 gazeti moja la muziki la Leipzig liliomba michango kwa ajili yake, na Beethoven akajitolea kuchapisha kazi yake ili mapato yamfae binti huyo. Dunia ilikuwa imeanza kumsifu baba huku binti yake akiombewa fedha ya kula. Hili linanikera kila nikilisoma, na makanisa yetu yana wajane wa walimu wa kwaya pia.

#13 Mpenda Historia

Naongeza moja la imani kabla uzi haujaenda mbali. Biblia yake ipo. Ni ile ya juzuu tatu yenye ufafanuzi wa Luther iliyotolewa na Abraham Calov. Ameandika jina lake na mwaka 1733. Ilipotea kabisa hadi ilipotambuliwa Michigan, Marekani, mwaka 1934, nyumbani kwa familia ya Kilutheri yenye asili ya Ujerumani, na sasa iko kwenye seminari ya Kilutheri St. Louis. Kando ya 1 Mambo ya Nyakati 25, pale Daudi anapowapanga waimbaji, ameandika kwamba sura hii ndiyo msingi wa kweli wa muziki wote wa kanisa unaompendeza Mungu. Kwenye 2 Mambo ya Nyakati 5 akaandika kwamba penye muziki wa ibada, Mungu yupo daima na neema yake. Hakuandika hayo ili achapishwe. Alikuwa anasoma Biblia yake nyumbani na kalamu mkononi.

#14 Alto wa Machame

Na hiyo sura ya 25 inataja akina Asafu, Hemani na Yeduthuni pamoja na wana wao, "chini ya mikono ya baba yao". Hemani alikuwa na wana 14 na binti watatu. Naona kwa nini Bach aliiweka alama sura hiyo!

#15 Kijana wa Kinanda

Shikamooni wote. Mimi nafundisha vijana watatu kinanda usharikani kwetu. Wanakariri mikono kwa kuangalia video, wanapiga mapambio vizuri, lakini ukiwapa kitabu cha nyimbo hawawezi. Mwalimu, yeye Bach alikuwa anaanzaje na wanafunzi? Nataka kujaribu.

#16 Mwalimu wa Kwaya

Marahaba, kijana. Tuna bahati, kwa sababu Carl Philipp Emanuel, na Forkel aliyeandika maisha ya Bach mwaka 1802, walieleza njia yake. Kwanza vidole: mazoezi mafupi, kila kidole kisikike sawa, na wakichoka anawatungia kipande kidogo kitamu chenye zoezi hilohilo ndani yake. Ndiyo maana Invention zipo. Kabla ya kumpa mwanafunzi kipande, alikuwa akimpigia chote kwanza ili ajue kinavyotakiwa kusikika.

Kwenye utunzi hakuwaanzishia kanuni ngumu. Aliwapa korale. Mwanzoni besi anaandika yeye, na mwanafunzi anatafuta sauti ya pili na ya tatu katikati. Akishazoea, ananyang'anywa besi, anaitafuta mwenyewe. Kila sauti lazima iwe na njia yake, isiruke ovyo ili kujaza nafasi.

Fanya hivi na wako. Chagua wimbo mfupi wa Mwimbieni Bwana ambao usharika wote unaujua, wa mistari minne. Andika ubaoni sauti ya kwanza na besi tu, kwa noti au kwa sol-fa. Katikati acha wazi. Kila kijana aandike ya pili yake bila kuangalia kitabu, kisha aiimbe yeye mwenyewe wewe ukipiga besi. Isipoimbika, aifute. Ikiimbika, mpe mtu wa alto aiimbe siku ya mazoezi ya kwaya, wasikie kazi yao ikitoka kwenye kinywa cha mtu. Baada ya hapo ndipo mfungue kitabu mlinganishe. Usiwape wimbo wa pili mpaka wa kwanza wameupiga kwenye ibada.

#17 Kijana wa Kinanda

Nimeelewa. Jumamosi baada ya mazoezi nawabakisha. Nitaanza na wimbo wa jioni, maana huo wanaujua hata bila kitabu. Nitaleta hapa watakachoandika.

#18 Besi Kuu

Ukileta, weka na besi kwa sol-fa tafadhali. Sisi huku tutaijaribu Jumapili.